Mchujo wa chuo kikuu ufanyike mlangoni, si nyuma ya mwaka mzima wa malipo

Siku matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, kila mtaa unajua. Simu zinalia, ujumbe unapita, na vijana wanamwagiana poda nyeupe kichwani, tangu Kadutu hadi Karisimbi, tangu Makiso hadi Katuba. Mama anapiga vigelegele, baba anakopa kreti ya vinywaji kwa jirani. Ni furaha ya haki. Mtoto amesoma miaka 12, amelipiwa minervali kwa shida, amevumilia migomo ya walimu na vita, na sasa jina lake limetoka.

Kisha poda inaoshwa. Majuma machache baadaye, kijana yule yule anasimama kwenye foleni mbele ya ofisi ya apariteri, bahasha ya makaratasi mkononi na risiti ya banki mfukoni. Anaulizwa picha za pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, buletini za miaka ya mwisho ya sekondari. Anaulizwa mambo mengi. Lakini hakuna mtu anayemwambia jambo moja alilopashwa kujua mbele ya kutoa franka ya kwanza: je, kwa masomo aliyofanya na pointi alizopata, ana nafasi ya kweli ya kumaliza mwaka wa kwanza katika fakulte ile?

Tuseme wazi. Katika vyuo vikuu vyetu vikubwa vya Serikali, mchujo upo. Lakini kwa fakulte nyingi haufanyiki mlangoni. Unafanyika ndani, pole pole, nyuma ya mzazi kulipa. Mchujo wa namna hiyo unaumiza zaidi watu wasio na feza, na ni wakati uondolewe mahali ulipojificha.

Ufunguo ni mmoja, milango ni mingi

Kufuatana na sheria mama ya elimu ya taifa, nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, anayeingia chuo kikuu ni lazima awe na diploma ya Serikali ama cheti kinacholingana nayo. Diploma hiyo inapatikana kuanzia asilimia 50. Mtihani wenyewe ulianzishwa mwaka 1967, ili mtoto wa Kindu na mtoto wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja, hata kama mmoja alisoma kwa mapadri na mwingine chini ya mti. Wazo lilikuwa zuri, na bado ni zuri.

Lakini asilimia 50 ya seksio ya ualimu si kitu kimoja na asilimia 50 ya biokemia ama ya hesabu na fizikia. Mtoto wa ualimu alifundishwa saikolojia na namna ya kufundisha. Hakupewa kemia na hesabu kwa kiasi walichopewa wenzake. Mtoto wa ushonaji, wa biashara, wa umeme, kila mmoja ana mzigo wake. Diploma ni moja kwa wote, na mlango wa chuo mara nyingi unawapokea wote sawasawa, hata pale ambapo masomo ya ndani hayatawatendea sawasawa.

Ni kweli, si fakulte zote zinazofungua mlango kwa namna moja. Politekniki, mahali wanafunzwa mainjinia, inajulikana tangu zamani kwa mtihani wake wa kuingia. Utabibu, mahali pengi, unaomba pointi za juu zaidi, ama seksio fulani, ama mtihani mdogo wa kupima. Lakini masharti hayo yanabadilika toka chuo hadi chuo na toka mwaka hadi mwaka. Mara nyingi yanajulikana kwa karatasi iliyobandikwa ukutani chuoni. Mtu wa Fizi ama wa Moba hawezi kusafiri siku mbili kwa kusoma karatasi ya ukutani. Anapiga simu kwa mtoto wa shangazi aliye mjini, naye anamjibu yale aliyosikia kwa wengine.

Tulikotoa desturi hii

Desturi ya kuandika kila mwenye diploma na kuacha mwaka wa kwanza ufanye kazi ya kuchuja haikuzaliwa kwetu. Ni ya Ubelgiji. Lovanium ilifunguliwa huko Léopoldville mwaka 1954, chuo kikuu cha Élisabethville mwaka 1956, na kile cha Kisangani kikafuata mwaka 1963. Mwaka 1971 vyote vitatu vikaunganishwa kuwa UNAZA, na mwaka 1981 vikatengana tena: ndivyo tunavyoita leo UNIKIN, UNILU na UNIKIS. UNIGOM na Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu vilianza mwaka 1993 vikiwa matawi ya Kisangani. Mti ni mmoja, na matawi yalifuata shina.

Lakini wenyewe waliotuachia desturi hiyo wameanza kuibadilisha. Katika sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiflamani, anayetaka kusoma utabibu anapita kwenye mtihani wa kuingia tangu mwaka 1997. Katika sehemu inayosema Kifaransa, mtihani huo ulianza mwaka 2017. Waliona kwamba si vizuri kumwacha kijana apoteze mwaka mmoja ama miwili kwa kujua jambo ambalo lingeweza kujulikana katika siku moja. Na huko Serikali inabeba sehemu kubwa ya gharama za chuo. Huku kwetu anayebeba ni mama wa sokoni.

Nani analipa mwaka uliopotea?

Tuchukue mfano. Mama anauza sambaza katika soko la Kadutu. Binti yake amemaliza seksio ya ualimu na asilimia 54, na anataka kuwa daktari. Hakuna ubaya katika ndoto hiyo. Mama anapokea zamu yake ya likirimba, anauza kipande cha shamba alichoachiwa na wazazi, anamwandikisha. Kuna feza za kuandikwa, kisha malipo ya mwaka, ambayo mara nyingi yanatajwa kwa dola na kulipwa kwa franka, kwa bei ya siku ile. Kuna silabusi, kuna kazi za laboratwari, kuna feza zinazoombwa mbele ya kila sesio ya mitihani. Kuna chumba cha kupanga, usafiri, na chakula.

Mwezi wa tatu, binti anaona kwamba profesa wa kemia anaanzia mahali ambapo yeye hakufika. Hakuna wa kumrudisha nyuma. Sesio ya kwanza inapita vibaya, ya pili vibaya zaidi. Mwisho wa mwaka anaambiwa arudie ama atafute fakulte nyingine, na huko anaanza upya, na malipo yanaanza upya. Chuo hakijapoteza kitu. Mama amepoteza shamba. Na kama nyumbani kuna wadogo wanne, mara nyingi huyo binti ndiye atakayeambiwa: basi, inatosha, bakia.

Mtoto wa tajiri akikosa mwaka wa kwanza, anarudia mara mbili, anahamia chuo cha binafsi, ama anapelekwa Kampala. Ndiyo maana tunasema kwamba mlango uliofunguliwa kwa wote si lazima uwe mlango wa haki. Unaonekana kumpokea maskini, lakini ndani unapima mfuko wake kuliko akili yake.

Mfumo mpya wa LMD, ulioanza katika vyuo vyetu na mwaka wa masomo 2021-2022, ulipashwa kupunguza maumivu hayo. Leo licence inapatikana kwa miaka mitatu, kila mwaka una krediti 60, na somo ulilofaulu halipotei. Ni hatua nzuri. Lakini LMD inataka vikundi vidogo, mazoezi, vitabu, intaneti, na mwalimu anayefuata mwanafunzi karibu. Ukiwajaza vijana katika auditoriamu mpaka wengine wanaandika wakisimama dirishani, umebadilisha jina la mfumo tu.

Hesabu ambayo hakuna anayependa kuifanya

Tuseme fakulte moja ina auditoriamu ya viti 300 na laboratwari ya watu 40, lakini inaandika wanafunzi 1 200 wa mwaka wa kwanza. Nambari hizi ni za mfano tu, lakini kila mtu aliyepita katika vyuo vyetu ataitambua hali yenyewe. Mwaka wa pili hauwezi kupokea wote 1 200. Kwa hiyo, hata kama wote wangejifunza vizuri, ni lazima wengi wabaki njiani. Mtihani wa mwisho hautafuti tena nani ameelewa. Unatafuta namna ya kupunguza watu.

Na pale mchujo unapofanyika gizani, soko linafunguka. Asiyenunua silabusi anaogopa orodha ya walionunua. Anayejulikana na mkubwa fulani analala usingizi. Na wasichana wanajua vema kuliko sisi ni nini wanachoombwa na waalimu wasio na haya. Mambo hayo yana sababu nyingi, lakini sababu moja ni hii: watu wengi kupita kiasi wanapiganishwa kwa nafasi chache, bila mtu kuwaambia nafasi ni ngapi.

Kwa nini vyuo haviupunguzi umati huo mlangoni? Jibu si kwamba marekta na madekani ni watu wabaya. Jibu ni feza. Vyuo vya Serikali vinaishi kwa sehemu kubwa kwa malipo ya wanafunzi, kwa sababu feza za kuviendesha zinazotoka Kinshasa ni kidogo, ama hazifiki. Na mwaka wa kwanza ndio wenye watu wengi kuliko yote. Kumkataa kijana mlangoni ni kukataa malipo yake. Ukiomba chuo kichuje kwa haki bila kukipa njia nyingine ya kuishi, unakiomba kijikate mguu. Serikali inapashwa kusikia hilo mbele ya kulaumu mtu yeyote.

Wanaopinga wana sababu

Wako watakaosema: mkileta mtihani wa kuingia, mtawafungia watoto wa vijijini, waliosoma bila laboratwari na bila vitabu. Neno hilo lina uzito, na hatulipiti. Lakini tuulize: watoto hao wanafanya nini leo? Wanaingia, wanalipa, wanaanguka. Mtihani wa kupima hauhitaji kuwa panga la kukata. Unaweza kuwa taa. Anayefikia kiasi anaingia moja kwa moja. Aliye karibu anapewa miezi michache ya kutayarishwa katika hesabu, kemia, fizikia na Kifaransa. Aliye mbali anaelezwa kwa upole fakulte ambamo masomo yake yatamsaidia, mbele ya kulipa, na feza zake akiwa nazo mkononi. Politekniki inajua vizuri faida ya kumtayarisha mtu kwanza. Desturi hiyo si ngeni kwetu.

Wengine watasema: mtihani wa kuingia utakuwa mlango mpya wa rushwa. Ni kweli kwamba unaweza kuwa hivyo, na sisi Wakongomani hatuhitaji kuelezwa namna gani. Lakini rushwa inapenda giza. Karatasi za mtihani zikiandikwa nambari badala ya majina, zikisahihishwa na watu wawili, na matokeo yakitangazwa yote pamoja na pointi, kuiba kutakuwa kugumu zaidi kuliko leo, ambapo mwanafunzi mmoja anaanguka peke yake katika kona ya ofisi bila kuona karatasi yake.

Na majirani zetu wanatuonyesha kwamba inawezekana. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania inatoa kitabu cha mwongozo: kila chuo, kila somo, masharti ya kuingia na idadi ya nafasi. Mtoto wa Kigoma anaweza kukisoma akiwa nyumbani. Huko Kenya, ofisi inayogawa nafasi za vyuo inaonyesha pointi zilizoombwa kwa kila somo miaka iliyopita. Hatusemi kwamba kwao hakuna malalamiko; yako, na mengi. Lakini mzazi anajua anacheza mchezo gani. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mtoto wa Uvira ana haki ileile ya kujua.

Na watoto wa vita?

Hapa Mashariki kuna jambo ambalo ofisi za Kinshasa zinaweza kusahau. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari mwaka ule ule, familia nyingi zilikimbia na nguo za mwilini tu. Banki zilifunga milango. Buletini, vyeti, hati za kufaulu, vyote vilibaki katika nyumba zilizoachwa wazi ama zilizoibiwa. Watu wa Ituri na wa Beni walijua taabu hiyo miaka mingi mbele yetu.

Kwa kijana wa namna hiyo, kuombwa karatasi ya asili ni kufungiwa mlango bila kuangaliwa usoni. Hata katika amani, diploma yenyewe inaweza kukawia miaka mbele ya kufika toka Kinshasa. Lakini majina ya waliofaulu na pointi zao yako katika orodha za Serikali. Serikali ndiyo iliyotoa mtihani, Serikali ndiyo iliyotangaza matokeo. Basi chuo kiulize Serikali, si mtoto aliyekimbia risasi.

Tunaomba nini

Tunaomba mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

La kwanza: kila chuo kikuu cha Serikali kitangaze masharti ya kila fakulte mbele ya matokeo ya mtihani wa Serikali kutoka: seksio zinazokubaliwa, asilimia inayoombwa, kama kuna mtihani wa kuingia na utahusu masomo gani. Yatangazwe kwa radio na kwa simu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, si ukutani tu.

La pili: kitangaze idadi ya nafasi, kufuatana na viti, laboratwari na waalimu walioko, na kiiheshimu.

La tatu: kitangaze gharama yote ya mwaka kwa karatasi moja, tangu kuandikwa hadi sesio ya pili. Malipo ambayo hayamo katika karatasi hiyo, mwanafunzi asiyatoe.

La nne: kila mwisho wa mwaka, kila fakulte iseme ni wangapi waliandikwa mwaka wa kwanza na ni wangapi walifaulu, seksio kwa seksio. Nambari hiyo moja tu ingemsaidia mzazi kuliko hotuba kumi.

La tano: Serikali itoe feza za kuendesha vyuo kwa wakati, ili chuo kisilazimishwe kuchagua kati ya haki na mshahara wa wafanyakazi wake.

Neno kwa wazazi na kwa mafinalisti

Mkingoja hayo, msilipe macho yakiwa yamefumbwa. Mbele ya kupeleka feza banki, ulizeni maswali matatu kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa fakulte mnayoitaka, si kwa mtu anayetafuta wateja nje ya lango. Mlikuwa wangapi mwaka wa kwanza, na mko wangapi sasa? Ni somo gani lililowaangusha wengi? Wenzenu waliotoka seksio kama yangu wako wapi leo? Majibu yatawaeleza zaidi kuliko karatasi yoyote ya ukutani.

Na wewe kijana, usichague fakulte kwa sababu ya jina ama kwa sababu ya kelele za mtaa. Kama unataka utabibu kwa kweli na seksio yako haikukutayarisha, basi tafuta vitabu vya kemia na hesabu vya wenzako, na uanze siku ile poda inapooshwa. Miezi ile ya kungojea chuo kufungua inatosha kwa kupunguza sehemu ya umbali. Na kama utaona njia nyingine inakufaa zaidi, si aibu. Inchi hii inakosa madaktari, lakini inakosa pia waalimu wazuri, wafundi wa umeme, na watu wanaojua kutunza udongo na mifugo.

Kwa viongozi wa vyuo tunasema hivi: mwaka huu tena, kijana atasimama mbele ya apariteri na bahasha yake. Mwambieni ukweli siku ile. Ukweli unaosemwa mlangoni unaweza kumfanya alie siku moja. Ule unaosemwa nyuma ya mwaka mzima, mama yake ameulipia kwa shamba.